Kompresa isihukumiwe kabla ya kupimwa

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme jambo linalotugusa sisi tunaouza barafu, juisi na samaki mitaani, nalo ni tabia ya baadhi ya mafundi wa friji kutangaza kwamba kompresa (pampu inayosukuma gesi ya ubaridi) imekufa, ilhali kilichoungua ni relei (kipuri cha kuiwashia) na ovalodi (kipuri cha kuikatia umeme inapozidiwa) zilizopachikwa ubavuni mwake.

Mwezi uliopita friza yangu ilianza kunguruma sekunde chache, ikalia "tap" na kunyamaza, kisha baada ya muda mfupi ikarudia vilevile. Fundi wa kwanza aliishika kompresa, akaona inachoma, akanitajia bei ya kompresa mpya pamoja na gesi, fedha ambazo zingenimalizia mtaji. Mita ya kupimia umeme hakuitoa hata kwenye mfuko. Fundi wa pili alichomoa plagi, akafungua kifuniko kidogo cha plastiki, akaitoa relei na kuitikisa karibu na sikio langu, ikacheza kama njugu ndani ya kopo, kwa sababu kidonge chake cha ndani kilikuwa kimepasuka.

Ndipo akapima pini tatu za kompresa mbele yangu. Alipata omu (kipimo cha ukinzani wa umeme) 12 kati ya pini ya pamoja na ile ya kuendeshea, omu 18 kati ya pini ya pamoja na ile ya kuwashia, na omu 30 kati ya hizo mbili zilizobaki. Alinieleza kwamba kipimo kikubwa kinapolingana na jumla ya vile viwili vidogo, na mita isionyeshe njia yoyote ya umeme kati ya pini na ganda la chuma la kompresa, koili, yaani nyaya zilizosokotwa ndani yake, bado ni nzima. Relei na ovalodi mpya zikafungwa, na friza ikawaka.

Kazi ya kidonge kile ni kupitisha umeme kwenye koili ya kuwashia kwa kitambo kidogo tu, kisha kikipata moto kinauzuia. Umeme ukikatika na kurudi papo hapo, kidonge hakijapoa, kompresa inashindwa kuanza, inavuta umeme mwingi na ovalodi inakata. Mchezo huo ukirudiwa mara nyingi jioni moja, vipuri huungua, na kwa hiyo kifaa cha kuchelewesha umeme kwa dakika tatu hadi tano si anasa kwa mwenye friza ya biashara (mimi nilikuwa nakiona cha matajiri).

Linaloniudhi zaidi ni wale wanaoiondoa ovalodi na kuunga waya moja kwa moja ili mteja aone friza inafanya kazi, walipwe na kuondoka. Kompresa ikikwama siku hiyo, hakuna cha kuikatia umeme, na koili iliyokuwa nzima huungua kweli. Wengine hufunga ovalodi yoyote waliyonayo bila kuangalia nguvu ya kompresa, nayo ikiwa kubwa kupita kiasi huchelewa kukata.

Nawaomba wenye friza wenzangu wasitoe fedha ya kompresa kabla pini tatu hazijapimwa wakiwa wamesimama hapo hapo, na mafundi wamkabidhi mteja kipuri cha zamani mkononi kila wanapobadilisha.

Muuza barafu,
Mbagala, Dar es Salaam