Alimtaja hata wa bodaboda

Anti, shikamoo. Naandika saa tisa usiku, usingizi umegoma. Usinione nina wivu. Dada yangu amepona saratani ya titi na hakuna anayemshukuru Mungu kunizidi. Ila mtu anashika maiki siku ya sadaka ya shukrani, anamtaja mume wake, mchungaji, wamama wa usharika, wa kazini waliochanga, hata kijana wa bodaboda, mimi ananiruka! Nilikuwa nyuma ya nyumba namenya ndizi za hao hao wageni, namsikia kwenye spika.

Sikutaka kutajwa, hilo lijue. Mimi si wa kupigiwa vigelegele. Lakini nilifunga meza yangu ya mitumba Mbuyuni nikahamia kwake. Aliporudi kutoka kwenye upasuaji na ule mrija ubavuni, nani alikuwa anamwaga yale maji asubuhi na jioni, akiandika kwenye daftari zimetoka mililita ngapi? Shemeji chumbani haingii, eti damu inamtia kizunguzungu. Na ndiye aliyetajwa wa kwanza. Ile dawa nyekundu ya saratani ilipokuwa inamtapisha, mtori vijiko viwili anasukuma bakuli, ndoo ni mimi. Mionzi hospitali ya Ocean Road, Dar, ni mimi.

Wanasema mwambie. Nimwambieje? Ataona namdai. Na simdai, ingawa mtaji wangu haujarudi mpaka leo na anajua.

Halafu kuna hili, labda halina maana. Nesi alisema ndugu wa damu nao wakachunguzwe, akauliza kama kuna mwingine kwenye ukoo. Tukanyamaza. Bibi mzaa mama alikufa na "jipu" la titi, kule Marangu hawalitaji vinginevyo. Dada akasema akipata nguvu atanipeleka yeye. Nguvu amepata, kimya. Niende peke yangu au nimngoje? Nikikutwa nayo, mimi nitauguzwa na nani, na aliyenipita mbele ya watu wote wale ndiye huyo huyo?

Krismasi wananiita nikapike. Nimekataa. Labda nitaenda, sijui. Tamoksifeni yake, ile dawa ya kuzuia saratani isirudi, bado namfuatia duka la dawa, hata kesho naenda, maana akiniachia shemeji itasahaulika, na ile ni ya kumeza kila siku kwa miaka. Kwa hiyo usiniambie nimwache. Wala usiniambie nisamehe tu, mchungaji ameshasema hilo.

Mdogo mtu, Moshi