Mabaki ya gari nayo yana bei

Mhariri,

Naomba nafasi niseme juu ya hesabu inayowaumiza wenye magari hapa Mwanza. Gari likipata ajali na kampuni ya bima ikasema halitengenezeki, wengi hubishania thamani yake ya kabla ya ajali tu. Bei ya mabaki hawaiulizi.

Chukua gari la milioni 18. Matengenezo ni milioni 13, mabaki yanauzika milioni 5. Hapo kulitengeneza hakulipi, maana 13 na 5 zinafika 18 ile ile. Mwenye bima kubwa hukatwa eksesi (sehemu ya hasara anayobeba mwenyewe), tuseme laki 9, akapewa 17,100,000 na gari likachukuliwa na kampuni. (Aliyelikatia bima ya milioni 25 halipwi 25, aliyekata ya 12 haongezewi.) Akitaka kubaki nalo, hukatwa na bei ya mabaki: 12,100,000. Sasa mthamini akiandika mabaki ni milioni 7, milioni 2 zimeyeyuka kwa kalamu. Mwenye gari asisaini hati ya kukubali malipo kabla hajapata ofa za maandishi, tatu hivi, kwa wauza spea used. Kampuni iking'ang'ania 7, aiachie gari kwa hiyo hiyo 7, yeye achukue 17,100,000 zake.

Bei hutegemea limegongwa wapi. Lililogongwa nyuma bado lina injini, gia boksi, rejeta na taa za mbele, vitu vinavyotoka haraka. Lililogongwa mbele hadi eabegi (mifuko ya hewa) zikafumuka linaweza kuwa limepoteza vingi kati ya hivyo, pamoja na dashibodi na mikanda ya viti. Lililozama, iwe kwa mafuriko ya Mto Mirongo au ziwani, hudanganya macho: bodi inang'aa, ila soketi za nyaya na kontrol boksi (kompyuta za gari) zinaliwa na kutu taratibu. Miezi michache baadaye taa za dashibodi zinawaka zenyewe.

Mabaki yakilala yadi nayo hupungua: leo betri, kesho redio, keshokutwa rimu. Yapigwe picha siku ya kwanza, pamoja na namba za chesesi na injini, na aliyepokea gari asaini orodha.

Mnunuzi anayeulizia kadi ya gari kabla ya vyuma aogopwe. Namba ya chesesi ya gari lililokufa huvalishwa gari la wizi. Umiliki uhamishwe TRA (Mamlaka ya Mapato), au usajili ufutwe kama gari linafunguliwa spea, maana faini za barabarani hufuata namba ya gari na jina lililoandikwa kwenye kadi.

Mkaguzi wa magari,
Igoma, Mwanza