Sindano za Kichina zisimwachishe mjamzito vidonge vya presha

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wanaotoa tiba ya sindano za Kichina, na niseme pia na waume na mama wakwe wanaowapeleka huko wajawazito wenye presha. Mimi ni mkunga mstaafu hapa Unguja, na hadi leo majirani hunijia nyumbani niwapime.

Sipigi vita tiba hiyo. Sisi Wazanzibari tunaijua. Madaktari wa China wanakuja kutusaidia tangu 1964, na wazee wengi watakwambia walivyopata nafuu ya mgongo au goti kwa zile sindano nyembamba zisizo na dawa ndani. Hata mjamzito mwenye kichefuchefu huchomwa upande wa ndani wa mkono, vidole vitatu kutoka kiganjani, na wengi husema wametulia. Hapo sina ugomvi.

Kinachoniuma ni mwanamke kutoka huko akijihisi mwepesi, akaamini presha imekwisha, vidonge vya kliniki akavifungia kabatini. Binti mmoja wa mtaani kwetu, mimba yake ya kwanza, alikuwa akimeza methildopa, kidonge cha presha alichopewa kliniki. Akapelekwa kwa mtaalamu wa sindano, akalala nusu saa katika chumba kitulivu, akapimwa, presha imeshuka. Nyumba nzima ikafurahi, vidonge vikaachwa. Haukupita muda mama yake akaniita: kichwa kinamgonga, anaona vimulimuli. Nilimkuta uso umevimba, pete haitoki kidoleni, presha 170 kwa 110. Tulimkimbiza hospitali, akachomwa magnesiamu ya kuzuia kifafa cha mimba, na usiku ule ule akapasuliwa. Alhamdulillahi, yeye na mtoto wako hai, ingawa mtoto alizaliwa njiti.

Mtu yeyote akilala kimya nusu saa, presha yake inaweza kushuka kidogo. Watafiti wa Boston, Marekani, waliwachukua watu 192 wenye presha ya kupanda, si ile ya mimba, wengine wakachomwa sindano za kweli, wengine za kuigiza. Matokeo yalichapishwa 2006: hapakuwa na tofauti ya maana. Mapitio ya 2018 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaokusanya na kupima tafiti za tiba, nayo hayakupata ushahidi kwamba sindano hizi zinashusha presha ikabaki chini.

Na presha inayoanza baada ya wiki ya 20 ya mimba ni nzito zaidi, hasa protini ikionekana kwenye mkojo. Mara nyingi shina lake ni kondo la nyuma. Mishipa inayolilisha haikufunguka vizuri tangu miezi ya mwanzo, kondo likikosa damu ya kutosha linamwaga katika mwili wa mama vitu vinavyoumiza mishipa yake, figo, ini na ubongo. Sindano ya mkononi hailifikii kondo hilo. Vidonge navyo haviling'oi shina, lakini vinaizuia presha isipande hadi mshipa wa ubongo ukapasuka, na vinamnunulia mtoto muda wa kukomaa. Hatari hupungua baada ya mtoto na kondo kutoka, tena si papo hapo. Nimewaona waliopata kifafa baada ya kujifungua.

Kwa hiyo nyinyi wa sindano, ombeni kadi ya kliniki kabla hamjafungua pakiti. Mpimeni akiwa amekaa. Ikifika 140 kwa 90, arudi kliniki siku hiyo hiyo. Ikifika 160 kwa 110, au analalamika kichwa, macho, au maumivu chini ya mbavu za kulia, asipande kitandani kwenu hata kidogo, aende hospitali. Mimba ikiwa kubwa msimlaze chali, kwa sababu mfuko wa uzazi hukandamiza mshipa mkubwa wa damu, presha ikaanguka, nanyi mkadhani sindano imefanya kazi. Alale ubavu wa kushoto. Na mnajua wenyewe kwamba mafunzo ya Kichina tangu zamani yanakataza kumchoma mjamzito kati ya kidole gumba na cha shahada, na juu ya kifundo cha mguu kwa ndani. Nimesikia wanaochoma hapo bila hata kuuliza kama ana mimba.

Mama wakwe, nanyi msimgawie vidonge vyenu vya presha. Kaptopril inayokufaa wewe inaweza kuharibu figo za mtoto tumboni.

Wizara ya Afya naiomba iwaite wataalamu wa sindano na wakunga wa kliniki wakae pamoja, na kadi ya kliniki itengewe nafasi ya kuandika tiba nyingine anayotumia mama. Wakunga wenzangu mlioko kazini, msimkaripie anayesema amechomwa sindano au amekunywa dawa ya mizizi. Akikaripiwa leo, mwezi ujao atanyamaza. Muulizeni kwa upole, muandike alichosema, kisha mhesabu naye vidonge vilivyobaki.

Mkunga mstaafu,
Unguja