Mwanangu, subiri stendi zifike

Mwanangu,

Marahaba. Picha ulizotuma jana usiku nimeziona zote. Ile uliyozungushia duara pale sampo, lile bakuli la oili chini ya injini, ilipobonyea kwa kugongwa na jiwe imenifurahisha, maana inaonyesha kila kitu na wala sikuhitaji kukuuliza mara mbili. Ya mwisho ndiyo iliyoninyima usingizi. Gari limenyanyuliwa mbele kwa jeki moja, upande wa pili umepanga tofali, na miguu yako inaonekana chini ya bampa. Nani aliyepiga picha hiyo? Na alipokuona umelala pale, alikuwa anangoja nini asikuambie utoke?

Usiingie tena chini ya gari hilo mpaka stendi zifike, vile vyuma vya kulishikilia gari likishanyanyuliwa. Nimezipakia leo asubuhi kwenye basi la Liwale pamoja na vitu vingine, na kondakta ana namba yako.

Wewe unafundisha fizikia, mimi nauza spea, kwa hiyo habari za uzito sitakufundisha. Corolla 100 ina karibu tani nzima, na sehemu kubwa ya uzito huo iko mbele, palepale ulipolaza kifua chako. Jeki ya mafuta inashikiliwa na mpira mdogo wa sili unaoweza kuuvaa kidoleni. Kila wiki naletewa jeki zinazovuja hapa dukani Gerezani, Dar es Salaam, na kila mwenye nayo anasema jana ilikuwa nzima. Tofali ndilo baya zaidi. Linabeba kimya, halafu linapasuka mara moja bila kukupa nafasi ya kuvuta hata mguu. Usiniandikie tena kwamba utakuwa makini. Umakini hauzuii chuma kushuka.

Kwenye kifurushi kuna sampo ya mtumba. Nimeichagua mwenyewe, nikaiweka juu ya kioo cha kaunta kuona kama mdomo wake umenyooka. Ya zamani usiihangaikie kuichomelea, ufa ulio karibu na nati ya kumwagia oili utarudi tu. Kuna pia silikoni ya kuzibia kiungo cha sampo, filta, washa mpya (ile pete ya nati), gasketi ya paipu ya ekzosti, na galoni ya oili ya lita 4. Injini yako, ya 5A, inachukua lita 3 na kidogo, usiimimine yote kwa sababu tu ipo.

Sasa sikiliza kazi ilivyo. Tafuta sakafu ngumu. Najua hapo kwako ni udongo, basi omba kibaraza cha shule siku ya Jumapili, na kama haiwezekani, weka ubao mpana mzito chini ya kila stendi. Vuta breki ya mkono, weka gia, zuia matairi ya nyuma kwa magogo mbele na nyuma. Nyanyua, kaza stendi pande zote mbili kwenye ukingo wa chuma chini ya milango, pale palipotengenezwa kwa jeki, kisha shusha mpaka uzito wote ukae kwenye stendi. Jeki usiisimamishe kwenye sampo hata siku moja. Ikibonyea inaiziba kwa chini strena, lile chujio la kufyonzea oili, na injini inakosa oili huku dipstiki, kijiti cha kupimia, inakuambia imejaa. Halafu, kabla hujaingia, simama pembeni ulisukume gari kwa nguvu zako zote. Likicheza, anza upya. Tairi la akiba lilaze chini ya ubavu wa gari. Na awepo mtu mzima karibu, si wanafunzi wako.

Oili imwage injini ikiwa vuguvugu. Nati ya kumwagia inataka spana namba 14. Ukiwa umelala chali mkono unachanganyikiwa upande wa kufungulia, kwa hiyo fikiria kwanza kabla ya kuvuta. Paipu ya mbele ya ekzosti lazima ishuke, maana inapita chini ya sampo, na hapo ndipo utakapotoka jasho. Nati zake zimeshikwa na kutu. Zipulizie dawa ya kutu jioni, uziache zilale, asubuhi ndipo uzijaribu. Hapo watu hukosa subira, wakavuta spana kwa nguvu mpaka gari zima linatikisika juu yao. Ndiyo maana nazungumzia stendi.

Boliti za sampo zenyewe ni ndogo, namba 10, hazina ubishi. Ukishazitoa zote sampo haitaanguka, silikoni ya zamani imeishika. Usichomeke bisibisi kuinyanyua. Nyumba ya pampu ya oili pale juu ni ya aluminiamu, ukiikwaruza itavuja maisha yake yote, na mdomo wa sampo nao utapinda. Tafuta ubapa mwembamba wa chuma, uuingize kwa nyundo taratibu kuanzia kwenye kona, uzunguke nao.

Ikishuka, usiimwage haraka. Pitisha kidole kwenye tope la chini ukaliangalie juani. Weusi tu ni uchafu. Ukiona vumbi linalong'aa rangi ya shaba, hizo ni metali zinazoshika krankishafti, mhimili wa injini, zinaliwa, na hapo acha kazi, nipigie. Nasema hivyo kwa sababu uliandika, tena kwa kupitapita, kwamba taa ya oili iliwaka ukaendelea mpaka nyumbani. Hapo sikukuelewa kabisa. Taa ile ikiwaka, gari linazimwa palepale, hata kama ni porini, hata kama ni usiku. Baba yako sijamwambia habari ya taa. Nimemwambia jiwe tu.

Na kuhusu jiwe, lile bati la kinga chini ya injini liko kwa baba yako mdogo tangu mwezi wa sita. Aliliomba kwa safari moja. Nitalidai wiki hii, sikufikiria utapangiwa kwenye njia ya Nangurukuru kwenda Liwale.

Strena ifungue uioshe kwa mafuta ya taa, mbali na jiko, uhakikishe haikugongwa. Vipande vya silikoni ya zamani hupenda kujificha kwenye wavu wake. Kisha kwangua pande zote mbili, injini na sampo, ufute kwa kitambaa chenye petroli kidogo mpaka kikitoka ni kikavu na cheupe. Hapa ndipo mafundi wengi wanapoharibu. Oili inaendelea kudondoka kutoka juu, wanapaka silikoni juu ya unyevu, mwezi haujaisha mteja amerudi dukani kwangu kununua nyingine. Acha idondoke, hata usiku mzima. Futa tena.

Silikoni ipake mstari mmoja usiokatika, unene wa milimita 3 hadi 5, upite upande wa ndani wa matundu ya boliti. Ukizidisha, inayojikamua kwenda ndani ndiyo itakayoziba strena kesho. Ukishapaka una kama dakika 5 tu kabla haijaanza kukauka, kwa hiyo boliti ziwe tayari mkononi. Zishike zote kwa vidole kwanza, kisha kaza kidogokidogo, katikati kwenda pembeni, ukivuka upande huu na ule. Kukaza kwake ni nyutoni mita 5, nguvu ndogo mno, shika spana karibu na kichwa chake. Wewe una mkono wa babu yako, na mdomo wa sampo ni bati.

Usiku upite ndipo uweke oili. Washa, hesabu sekunde chache, taa izimike. Isipozimika, zima. Ikizimika, chungulia kama kuna tone, lakini chungulia ukiwa pembeni, gari likiwa bado kwenye stendi, wala usirudishe jeki ili uone vizuri.

Najua utaiweza kazi hii. Kuna vijana hapa Gerezani wamezeeka na spana na hawajui kupiga picha ya uvujaji kama uliyonipigia. Ila nitaomba picha nyingine kabla hujaingia chini, ya stendi zote mbili na magogo ya nyuma. Kabla, si baada.

Hapa nyumbani bibi yako mguu umepungua uvimbe, anatembea mpaka kwa jirani na kurudi. Fundi wa tangi la maji ameahidi Jumamosi kwa mara nyingine. Mdogo wako anataka madaftari yako ya fizikia ya kidato cha nne, tumepekua kabati lote hatuyaoni. Kama yako kwenye lile sanduku la bluu, funguo yake uliondoka nayo. Mpe kondakta huyohuyo anayekuletea kifurushi, aniachie dukani.

Mama yako