Maji yakibaki kwenye dishwasha msimkate dada mshahara

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua niseme jambo ambalo limenikaa rohoni muda mrefu. Mimi ni fundi wa friji na mashine za kufulia hapa Dar es Salaam, na siku hizi kwenye apatimenti za Masaki, Mikocheni na kwingineko mashine za kuosha vyombo (dishwasha) zimekuwa nyingi, basi simu ninayopigiwa mara kwa mara ni ileile, fundi mashine imemaliza kuosha lakini maji yamebaki chini na yananuka. Nikifika nakuta kesi ishaamuliwa: dada wa kazi ndo kaiharibu na atakatwa mshahara. Hilo ndo linaloniuma.

Jamani, dishwasha kugoma kutoa maji mara nyingi wala sio kuharibika. Kwanza maji kidogo yakionekana ukishatoa chujio hayo ni ya kawaida, mashine zimetengenezwa hivyo ili zile sili za chini, yaani mipira ya kuzuia maji yasivuje, zisikauke. Yakipanda juu ya chujio hapo sawa, kuna tatizo. Sasa chomoa plagi ukutani, chota maji kwa kikombe, chujio lizungushe lichomoke, ukalisugue kwa sabuni na mswaki wa zamani. Utashangaa, wali, mbegu za limau, vijiti vya meno, lebo za chupa zilizobanduka, vyote viko humo. Chini yake kuna kifuniko kidogo cha pampu, baadhi ya mashine kinatoka kwa kukinyanyua na kijiko, ila vaa glavu kwa sababu vipande vya glasi hukaa hapohapo.

Ukitoa kifuniko utaona kijipangaboi. Kizungushe kwa kidole. Kitazunguka kwa kushtuka shtuka, kinagoma kidogo halafu kinaruka, na hapa ndo watu wanapigwa hela, fundi anamwambia mteja si unaona pampu imekufa inakwama, tununue mpya. Haijafa! Ndani kuna sumaku ndo maana inashtuka hivyo, hata pampu mpya ya kwenye boksi iko vilevile. Ya kutilia shaka ni ile isiyozunguka kabisa hata ukishatoa takataka, au inayozunguka laini mno bila mshtuko wowote.

Na mashine ikiandika alama ya hitilafu, OE kwa LG au E24 kwa Bosch, hiyo inakwambia tu maji hayatoki, haijasema pampu mbovu.

Kosa kubwa zaidi mimi nalikuta chini ya sinki, na hilo dada hahusiki nalo hata kidogo. Ule mpira wa kutolea maji machafu mafundi wengi wanaulaza tu sakafuni nyuma ya kabati halafu wanausukumia kwenye bomba la sinki, wakati unatakiwa upandishwe juu karibu na meza ya sinki ufungwe pale ndo ushuke kuunganishwa, bila hivyo maji machafu ya sinki yanarudi ndani ya mashine mkaona mashine haitoi, kumbe imetoa yakarudi. Au mashine imesukumwa ukutani mpira ukakunjika. Na kwenye nyumba mpya kabisa kuna hili, kile kipua cha chini ya sinki cha kuunganishia mpira vingi vinatoka dukani vimezibwa kwa plastiki, fundi bomba asipoitoboa maji hayana pa kwenda tangu siku ya kwanza.

Kujua tatizo liko wapi ni rahisi. Chomoa mpira kwenye sinki, mwisho wake uingize kwenye ndoo, na ndoo iweke juu ya stuli, sio sakafuni maana ikiwa chini maji yanaweza kutelemka yenyewe ukadhani pampu ndo imesukuma. Washa, ghairi programu, mashine nyingi ukibonyeza kitufe cha kuanzia sekunde 3 hivi inaanza kutoa maji. Yakiruka kwa nguvu kwenye ndoo, mashine ni nzima, muite fundi bomba.

Ukiacha chujio lisilosafishwa, kitu pekee kinachoweza kutoka mikononi mwa dada ni sabuni, akitia ile ya maji ya kuoshea kwenye sinki povu linajaa na pampu inavuta povu badala ya maji. Lakini nani alimwambia? Kitabu cha mashine Kijerumani, mashine yenyewe mtumba, tajiri kaonyeshwa dukani akasahau.

Kwa hiyo nawaomba wauzaji, mkipeleka mashine kwa mtu mwiteni dada aje jikoni, atoe chujio kwa mkono wake na alirudishe mbele yenu, aonyeshwe sabuni yake ni ipi, kwa Kiswahili. Mafundi wenzangu, mteja muonyesheni maji kwenye ndoo kabla hamjataja bei ya pampu. Na wenye nyumba ambao mlishakata mshahara wa mtu halafu ikaja kuonekana ni mpira umekunjika, mrudishieni hela yake mwezi huuhuu.

Fundi,
Mwananyamala, Dar es Salaam