Hali ya Down: acheni kumsaka mwenye kosa kwenye ukoo

Ndugu Mhariri,

Makala yenu kuhusu watoto wenye hali ya Down, ambayo mtoto huzaliwa nayo na huchelewesha ukuaji wake wa akili na mwili, ilieleza vizuri matatizo ya moyo, ambayo huwapata karibu nusu yao, na umuhimu wa kuwaanzishia mapema mazoezi ya kuzungumza. Ila mwandishi aliandika, kwa mkato tu na bila maelezo, kwamba huu ni ugonjwa wa kurithi. Mimi ni muuguzi, na nimekaa na wazazi wengi siku majibu ya kipimo cha kromosomu, yaani vifurushi vya vinasaba vilivyo ndani ya seli, yanapotoka. Najua kauli hiyo ikifika nyumbani inazaa swali gani: kamrithi nani? Jibu nalo huwa limeshaandaliwa kabla mtoto hajatimiza arobaini. Ni upande wa mama.

Katika watoto 100 wenye hali hii, takriban 95 hawakumrithi mtu. Kila seli ya mwili kwa kawaida ina kromosomu 46, yaani jozi 23, na yai au mbegu ya kiume hubeba moja tu kutoka kila jozi. Yai linapotengenezwa, jozi ya 21 hutakiwa iachane. Mara nyingine haiachani, zote mbili zikaenda pamoja. Yai hilo likirutubishwa, mtoto anapata kromosomu 21 tatu badala ya mbili, na jumla inakuwa 47. Mpime mama, mpime baba, wote utawakuta na 46 zao kamili. Jambo limetokea ndani ya yai moja au mbegu moja, na hakuna babu wala shangazi aliyelibeba. Chakula alichokula mjamzito hakihusiki, wala mshtuko alioupata, wala ugomvi wa mawifi.

Hapo huwa naulizwa: na umri wa mama je? Ni kweli, umri una nafasi yake. Mayai ya mwanamke huanza kugawanyika yeye mwenyewe akiwa bado tumboni mwa mama yake, kisha yanasimama katikati ya kazi mpaka mwezi ambao kila moja litapevuka. Yai la mwanamke wa miaka 40 limesubiri miaka 40, na vishikizo vinavyoziweka kromosomu pamoja vimechakaa. Ndiyo maana uwezekano unapanda kutoka takriban mtoto 1 kati ya 1,500 mama akiwa na miaka 20, hadi 1 kati ya 350 akiwa na 35, na 1 kati ya 100 akiwa na 40. Lakini itazameni tena hiyo ya mwisho: watoto 99 kati ya 100 wa mama wa miaka 40 hawana hali hii. Tena wengi wa watoto wenye hali ya Down wamezaliwa na mama walio chini ya miaka 35, kwa sababu hao ndio wanaozaa zaidi. Zipo pia mimba chache ambazo kromosomu ya ziada imetoka kwa baba. Sijasikia bado kikao cha ukoo kilichoitishwa kwa ajili hiyo.

Sasa niwe mkweli kwa upande wa pili, maana urithi upo, ila pale ambapo watu hawaangalii. Watoto 3 au 4 kati ya 100 wana aina iitwayo translokesheni. Kromosomu 21 ya ziada haikai peke yake. Imegandana na nyingine, mara nyingi ile ya 14. Ukihesabu unapata 46 na unaweza kudhani hakuna tatizo. Katika familia kama theluthi moja za aina hii, mzazi mmoja ndiye mbebaji. Yeye mwenyewe ana kromosomu 45 na ni mzima kabisa, kama rafu ambayo vitabu viwili vimejalidiwa pamoja: idadi imepungua, maneno yote yapo. Mama akiwa mbebaji, kila mimba ina uwezekano wa asilimia 10 hadi 15 wa kupata mtoto mwenye hali ya Down. Baba akiwa mbebaji, uwezekano ni mdogo zaidi, chini ya asilimia 5. Na ikiwa kromosomu 21 mbili za mzazi zimegandana zenyewe kwa zenyewe, kila mtoto wake atakayezaliwa hai atakuwa na hali hii. Baadhi ya wabebaji hupoteza mimba moja baada ya nyingine bila kuambiwa sababu. Ndugu zao wa damu nao wanastahili kupimwa kabla ya kuzaa.

Tofauti hiyo haionekani usoni mwa mtoto. Daktari anayetazama macho na mstari wa kiganja akasema ni Down, akaishia hapo, amewanyima wazazi jibu la swali watakalouliza mwaka unaofuata: je, wa pili? Kwa trisomi ya kawaida, yaani ile ya kromosomu 21 tatu zisizogandana, ni takriban 1 kati ya 100, au zaidi kidogo kufuatana na umri wa mama. Kwa translokesheni ya kurithi ni hesabu nyingine kabisa. Aina ya mozaiki, ambayo ni baadhi tu ya seli zenye kromosomu ya ziada, ni nadra na kwa kawaida hairithiwi.

Kutafuta mkosaji hakukuanza na mawifi. Daktari John Langdon Down, aliyeieleza hali hii Uingereza mwaka 1866, alidhani kifua kikuu cha wazazi kina mkono. Kromosomu ya ziada ilitangazwa mwaka 1959 huko Paris na Jérôme Lejeune, Raymond Turpin na Marthe Gautier. Gautier ndiye aliyeziotesha seli zile maabara, na alisubiri miongo mingi mchango wake utambuliwe.

Naomba mchapishe marekebisho, na ndani yake muwaambie wazazi mambo mawili. Waombe kipimo cha kromosomu cha mtoto, si maelezo ya mdomo tu. Majibu yakisema translokesheni, wapimwe mama na baba, wote wawili, siku hiyo hiyo.

Muuguzi, kliniki ya watoto