Intaneti ya Mkulima Isibebeshwe Vita

Mhariri,

Mimi ni fundi wa intaneti huku Kitale. Siku hizi kazi kubwa ni kupanda mapaa kufunga madishi ya Starlink, intaneti ya setilaiti ya kampuni ya SpaceX, kwa shule na kwa wakulima ambao nyaya hazijawafikia. Dishi kama hilohilo, jeupe na bapa, wanajeshi wa Ukraine hulichimbia shimo mstari wa mbele ili vipande vya makombora visilipate. Kampuni ni moja, mtandao ni mmoja.

Tusiambiane kwamba vita viko mbali. Februari 24, 2022, siku Urusi ilipovamia, wadukuzi waliupiga mtandao wa setilaiti wa KA-SAT, ambao jeshi la Ukraine lilikuwa likiutumia. Wakafuta kumbukumbu ndani ya modemu za maelfu ya raia sehemu nyingi za Ulaya. Ujerumani, mitambo 5,800 ya umeme wa upepo iliendelea kuzunguka bila wasimamizi kuweza kuiangalia kutoka mbali. Kampuni ya Viasat, yenye mtandao huo, ililazimika kutoa modemu mpya karibu 30,000. Aliyewahi kubadilisha modemu nyumba kwa nyumba anajua hiyo ni kazi ya namna gani.

Oktoba mwaka huohuo, mjumbe wa Urusi alitamka katika Umoja wa Mataifa kwamba setilaiti za kibiashara zinazosaidia jeshi zinaweza kuwa shabaha halali. Na usiku wa Julai 24, 2025, Starlink ilipozimika kwa muda wa saa mbili na nusu hivi kutokana na hitilafu ya programu, askari walioko vitani na wateja wa kawaida walikatika pamoja.

Simlaumu Mukraine hata kidogo. Minara ikipigwa, utawasiliana kwa chochote unachopata. Ninaowadai jibu ni wenye setilaiti. Desemba 2022 SpaceX yenyewe ilitangaza Starshield, huduma ya serikali na ulinzi. Basi mawasiliano ya vita yahamie huko! Nayo Mamlaka ya Mawasiliano yetu, kila inapotoa leseni, idai kwa maandishi: ni jeshi gani linalotumia setilaiti hizi, na zikishambuliwa mteja wa Kenya atahudumiwaje?

Wiki ijayo nina zahanati ya kufungia dishi. Nimewaomba wasikate laini yao ya zamani, hata kama inajikokota.

Fundi wa intaneti,
Kitale